Bima ya afya ya kikundi: kampuni hupimaje hatari kabla ya kutaja ada? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huulizwa zaidi na maofisa rasilimali watu, wahasibu na viongozi wa vyama ambao kila mwaka huletewa ada mpya bila maelezo ya kutosha. Majibu yanahusu bima ya afya inayonunuliwa na mwajiri au chama kwa niaba ya watu wake. Bima ya mtu binafsi ina taratibu zake na haimo humu.

Kampuni hupima afya ya kila mtu, au hupima kikundi?

Hupima kikundi. Kwa mtu binafsi, mkadiriaji wa kampuni, yaani anayepima hatari na kupanga ada, huuliza: huyu anaumwa nini, na huenda akaumwa nini? Kwa kikundi swali la kwanza ni jingine kabisa: watu hawa wamekusanywa na nini? Kama wamekusanywa na kazi, basi wengi wao ni watu wenye nguvu za kuamka na kwenda kazini, na wagonjwa waliomo ni wale wa kawaida ambao hawakosekani penye watu. Mkadiriaji hana haja ya kujua nani ana kisukari. Haja yake ni kuwa na hakika kwamba wenye kisukari hawakujazana humo kwa sababu ya bima yenyewe.

Ndiyo maana kikundi kilichoundwa ili kupata bima hukataliwa, au hupewa masharti makali kama ya mtu binafsi. Watu arobaini wanaosajili chama mwezi huu na kuomba bima mwezi ujao hawana sura ya kikundi machoni pa mkadiriaji, hata wawe na katiba na muhuri.

Kwa nini wanasisitiza wafanyakazi wote, au karibu wote, wajiunge?

Mkiniuliza mimi, hili ndilo swali kubwa kuliko yote, na ndilo linalopuuzwa zaidi na wanunuzi. Tufanye hesabu. Ofisi ina watu 100. Kumi kati yao wana maradhi ya kudumu na kila mmoja hutumia fedha 50 kwa mwaka, kwa kipimo chochote cha fedha. Tisini waliobaki hutumia 5 kila mmoja. Jumla ni 500 na 450, yaani 950, hivyo wastani ni 9.5 kwa kichwa.

Sasa mwajiri anasema anayetaka ajiunge, asiyetaka aache. Wanajiunga 30. Kumi wenye maradhi hawakosi hata mmoja, maana wao wanajua wanachokihitaji. Gharama inakuwa 500 na 100, yaani 600, na wastani unaruka hadi 20. Hakuna aliyeugua zaidi wala hospitali iliyopandisha bei, lakini ada imezidi maradufu kwa sababu ya mlango uliotumika kuingilia. Mwaka unaofuata, baadhi ya wale ishirini wazima wataona 20 ni kubwa mno kwa mtu anayetumia 5, watajitoa, na wastani utapanda tena. Skimu nyingi hufa kwa njia hii, na kwa kawaida lawama huangukia hospitali.

Kwa hiyo mwajiri anapolipa ada yote, kampuni hutaka asilimia 100 ya wanaostahili waingie. Mfanyakazi anapochangia, desturi iliyozoeleka ni angalau asilimia 75, bila kuwahesabu wale ambao tayari wana bima kupitia mwenzi. Fikra hii ni ya zamani. Mpango ulioanzishwa mwaka 1929 katika hospitali ya Chuo Kikuu cha Baylor, Dallas, uliwatoza walimu senti 50 kwa mwezi na kuwahakikishia siku 21 za kulazwa. Uliwapokea walimu kwa kundi, na ndio unaohesabiwa kuwa chanzo cha mfumo wa bima ya afya wa Blue Cross nchini Marekani.

Umri na jinsia vina uzito gani?

Mkubwa, hasa kwa kikundi kisicho na historia ya madai. Orodha ya wanachama yenye tarehe za kuzaliwa ndiyo waraka wa kwanza kufunguliwa. Gharama haipandi kwa mstari ulionyooka. Mtoto mchanga ni ghali, mtoto wa shule ni nafuu sana, kisha gharama hupanda taratibu na kuanza kukimbia baada ya miaka ya hamsini. Wanawake hugharimu zaidi ya wanaume katika miaka ya uzazi. Katika umri mkubwa pengo hilo hufifia, na mara nyingi wanaume ndio hupita.

Mkadiriaji huangalia pia wategemezi. Kikundi cha wafanyakazi 150 wenye wategemezi 90 si sawa na kikundi cha wafanyakazi 150 wenye wategemezi 520. Penye ruhusa ya kuandikisha wazazi, hesabu hubadilika kabisa, kwa sababu mzazi mmoja wa miaka 70 anaweza kugharimu kuliko familia nzima ya kijana aliyemwandikisha. Makampuni mengi huwawekea wazazi ada yao pembeni, na wana haki.

Sheria za nchi huweza kumfunga mkadiriaji mikono. Nchini Marekani, tangu 2014, ada za vikundi vidogo zinaruhusiwa kutofautiana kwa umri, eneo, ukubwa wa familia na matumizi ya tumbaku tu. Tofauti ya umri kwa watu wazima haizidi tatu kwa moja, na jinsia haihesabiwi kamwe. Anayesoma miongozo ya nchi nyingine aikague sheria ya kwao kwanza.

Aina ya kazi inahusika, ilhali ajali za kazini zina bima yake?

Inahusika, lakini kwa njia ya kuzunguka. Pale ambapo ajali za kazini hulipwa na mfuko mwingine, mkadiriaji hubaki akiuliza mambo manne: mgongo na viungo vya watu hawa vikoje, msongo wa kazi ukoje, wanalala usiku au wana zamu, na wanaacha kazi kwa kasi gani. Hilo la mwisho lina uzito kuliko linavyoonekana. Mahali ambapo watu huingia na kutoka kila baada ya miezi michache, wapo wanaoajiriwa, wanatibiwa jino, macho na uvimbe wa siku nyingi, kisha wanaondoka. Ada zao zimelipwa miezi minne, huduma wamepata za mwaka.

Wafanyakazi wa msimu na vibarua ndio hupata shida zaidi hapa. Kampuni nyingi huweka sharti la kuwa kazini kwa muda fulani kabla ya kuandikishwa, na sharti hilo lipo kwa sababu hiyo hasa.

Historia ya madai husomwaje? Mbona sisi tumetumia chini ya tulicholipa na bado ada imepanda?

Hili linahitaji mfano mrefu kidogo. Chukua kikundi cha watu 200. Mwaka jana walilipa ada ya 100, na madai yaliyolipwa ni 84. Mhasibu anaona 16 zimebaki na anasubiri punguzo. Mkadiriaji naye anaanza kazi.

Kwanza anatafuta dai kubwa. Anakuta mtu mmoja aliyetumia 30 peke yake. Balaa kama hilo haliwezi kuchukuliwa kuwa tabia ya kikundi, kwa hiyo kampuni ina kikomo, tuseme 12, na kinachozidi kikomo hubebwa na mfuko wa pamoja wa vikundi vyote. Anaondoa 18, madai yanabaki 66. Lakini kila kikundi huuchangia mfuko huo, pamoja na kile kisichokuwa na mgonjwa mkubwa mwaka huo. Anaongeza mchango wa 6. Tumefika 72.

Kisha anauliza ni madai gani yametokea lakini hayajafika mezani. Mtu aliyelazwa wiki ya mwisho ya kipindi, hati yake bado iko hospitalini. Kulingana na kasi ya hospitali kuwasilisha hati, anaongeza 8. Sasa ni 80. Kosa la mhasibu limekaa hapa zaidi kuliko popote: alihesabu yaliyolipwa, hakuhesabu yaliyotumika.

Tatu, bei za mwaka ujao si za mwaka jana. Takwimu hizi ni za miezi 12 iliyoishia miezi mitatu kabla ya kuhuisha bima, hivyo kutoka katikati ya kipindi kile hadi katikati ya kipindi kipya kuna miezi 15. Gharama za matibabu zikikua kwa asilimia 8 kwa mwaka, ukuaji wa miezi 15 ni takriban asilimia 10. Hivyo 80 inakuwa 88. Ukuaji huo si wa bei peke yake. Unabeba pia watu kwenda hospitali mara nyingi zaidi, vipimo vipya, na dawa mpya kuchukua nafasi ya zile za bei nafuu.

Nne, anaiweka historia hii kando ya jedwali la kampuni. Kwa umri, jinsia na mafao ya kikundi hiki, jedwali linasema kilipaswa kutumia 76. Watu 200 si wengi kiasi cha historia yao kuaminiwa yote, kwa hiyo kampuni inaipa uzito wa nusu na jedwali nusu. Wastani wa 88 na 76 ni 82.

Mwisho, ada lazima ibebe pia uendeshaji, kamisheni ya dalali, kodi na akiba ya usalama. Kampuni ikilenga madai yawe asilimia 75 ya ada, 82 inagawanywa kwa 0.75, jibu ni kama 109. Ndivyo ada ilivyopanda kwa asilimia 9 kwa kikundi ambacho mhasibu wake alisubiri punguzo.

Kila hatua hapo juu ina dhana inayoweza kuhojiwa: kikomo cha 12, mchango wa 6, hiyo 8, ukuaji wa asilimia 8, uzito wa nusu, lengo la asilimia 75. Ukipokea barua yenye ada mpya peke yake, omba namba hizo sita.

Kikundi chetu ni kidogo na hatujaumwa miaka miwili. Je, hatustahili punguzo?

Pengine mnastahili dogo, lakini si mnalofikiria. Watu 15 wasioumwa miaka miwili wanaweza kuwa wazima kweli, na wanaweza kuwa na bahati tu. Takwimu haziwezi kutenganisha mambo hayo mawili kwa idadi hiyo. Tatizo hili lilichambuliwa kwanza katika bima ya ajali za kazini. Mwaka 1914 Albert Mowbray aliuliza orodha ya mishahara inapaswa kuwa kubwa kiasi gani ili historia ya mwajiri iaminike. Kutokana na njia hiyo watakwimu bima walipata kipimo maarufu cha madai 1,082: idadi inayotosha ili, kwa uwezekano wa asilimia 90, hesabu ya madai iwe ndani ya asilimia 5 ya ukweli wake. Mwenye robo ya idadi hiyo hapati robo ya uzito, hupata nusu, kwa sababu uzito hufuata kipeuo cha pili cha uwiano huo.

Makampuni ya afya hayatumii 1,082 kama ilivyo. Kipimo hicho kinahesabu idadi ya madai tu, si ukubwa wake, na mgonjwa mmoja huweza kuleta hati ishirini zinazotegemeana. Kila kampuni hujiwekea kizingiti chake, mara nyingi kwa hesabu ya miezi ya uanachama. Lakini mantiki haibadiliki. Udogo wa kikundi huwazuia kupata punguzo kamili mwaka mzuri, na huwakinga na pigo kamili mwaka mbaya. Wengi hukumbuka upande mmoja tu.

Mmoja wetu ana saratani. Tutakataliwa?

Inategemea ukubwa wa kikundi na sheria. Kikundi kikubwa kwa kawaida hakijazi fomu za afya, na maradhi ya zamani huingia bila swali. Kwa kikundi kidogo kampuni inaweza kutaka kila mtu ajaze fomu, kisha ikaongeza ada ya kikundi kizima, ikaweka kipindi cha kusubiri kwa maradhi yaliyokuwepo, au ikaweka kikomo kwa magonjwa fulani.

Tofauti ya kuangalia ni kati ya kukipandishia ada kikundi na kumbagua mtu. Sheria ya Marekani ya 1996 ijulikanayo kama HIPAA ilizuia skimu ya kikundi kumnyima mtu uanachama au kumtoza zaidi ya wenzake kwa sababu ya afya yake, ilhali ada ya kikundi chote iliendelea kuruhusiwa kubeba gharama hiyo. Mwaka 2008 sheria nyingine huko huko ikakataza kutumia taarifa za vinasaba. Nchi nyingine zina mipaka yake.

Neno kwa waajiri: msimtaje mgonjwa kwa jina mezani wala katika barua pepe. Mkadiriaji anahitaji aina ya ugonjwa, hatua ya matibabu na makadirio ya gharama ijayo. Jina halimwongezei chochote, na kulitaja kunaweza kuwaingiza kwenye kosa la kuvunja faragha. Na msishangae mgonjwa wa matumizi makubwa akionekana kuwa na athari ndogo kuliko mlivyohofia: aliyemaliza upasuaji na kupona amekwisha kugharimu, wakati anayeanza kusafishwa figo atagharimu mwaka huu, mwakani na mwaka utakaofuata.

Kwa nini wanauliza tumehama kampuni mara ngapi?

Kwa sababu gharama za kuandikisha kikundi kipya hulipwa mwanzoni na hurudi taratibu. Kikundi kinachohama kila mwaka hakimrudishii mtu kitu. Pia mhamaji hutiliwa shaka kwamba anaikimbia historia yake mwenyewe, na ndiyo sababu hudaiwa taarifa ya madai kutoka kampuni ya zamani, iliyo kwenye barua yenye nembo yake. Kuhama mara moja kwa sababu inayoelezeka hakumdhuru mtu.

Mafao tunayochagua ni sehemu ya hatari?

Ni sehemu kubwa. Huduma za dharura huamuliwa na mwili, za meno na miwani huamuliwa na mtu. Kadiri huduma inavyoweza kupangwa mapema, ndivyo anayeiomba huwa ndiye atakayeitumia. Uzazi uko kundi hilo pia, na ndiyo maana mara nyingi hupewa kipindi cha kusubiri au fungu lake.

Hatari zaidi ni kuwapa wafanyakazi uhuru wa kuchagua kati ya mpango wa juu na wa chini kila mwaka. Wagonjwa hupanda, wazima hushuka, na mpango wa juu huishia kuwa wodi. Mkadiriaji makini huongeza ada ya uhuru huo, au huudhibiti kwa kuweka madaraja yanayofuata cheo.

Uchangiaji wa mgonjwa kila anapotibiwa hupunguza matumizi kwa njia mbili: sehemu ya gharama humhamia yeye, na safari nyingine za hospitali hazifanyiki. Hiyo ya pili ina ubaya wake. Mchango mkubwa huwazuia watu kwenda kwa mafua, lakini huwazuia pia kwenda kupima shinikizo la damu, na bili ya shinikizo lisilotibiwa huja baadaye ikiwa kubwa. Binafsi siwashauri kuishusha ada kwa kupandisha mchango wa dawa za maradhi ya kudumu. Afadhali kubana orodha ya hospitali.

Orodha ya hospitali nayo hupimwa?

Ndiyo. Upasuaji uleule unaweza kutozwa bei zinazopishana mara mbili au tatu kati ya hospitali mbili, na kampuni hujua wanachama wenu wanaishi karibu na ipi.

Bima mtawanyo inaingia wapi?

Kampuni nayo hununua kinga kwa madai yanayozidi kiasi fulani. Mkataba huo unaweza kuweka masharti juu ya vikundi vya kupokelewa, kwa hiyo wakati mwingine anayesema hapana si mtu mliyekaa naye mezani.

Tukiacha kutaja jambo, nini kitatokea?

Bima inasimama juu ya uaminifu wa hali ya juu. Kanuni hiyo ilielezwa na jaji wa Uingereza, Lord Mansfield, katika kesi ya Carter na Boehm mwaka 1766: anayeomba bima ndiye anayeijua hatari, na kampuni huamini anachosema. Sheria za siku hizi katika nchi nyingi zimelegeza adhabu kwa aliyesahau kwa nia njema. Kwa aliyeficha makusudi, hatari ya dai kukataliwa au mkataba kufutwa ipo palepale. Katika kikundi ubaya ni kwamba anayeficha ni ofisa mmoja, na wanaoumia ni wafanyakazi waliokuwa wodini.

Tuandae nini kabla ya kuomba bei?

Orodha ya wanachama na wategemezi yenye tarehe za kuzaliwa, jinsia, uhusiano na mahali wanapoishi. Madai ya miaka miwili au mitatu, mwezi kwa mwezi, yakionyeshwa yaliyolipwa na yaliyoletwa ila bado hayajalipwa, pamoja na idadi ya wanachama wa kila mwezi. Idadi hiyo husahaulika, na bila hiyo madai hayana maana, kwani 84 ya watu 200 na 84 ya watu 260 ni habari mbili tofauti. Ongeza maelezo ya madai makubwa bila majina, mafao ya sasa, na ada za miaka iliyopita.

Orodha chafu hugharimu fedha. Mkadiriaji akikuta tarehe za kuzaliwa zote ni Januari 1, au wategemezi waliokwisha kufikisha miaka 30 wakiitwa watoto, hukisia, na akikisia hujilinda kwa kukisia juu.

Ada iliyotajwa inajadilika?

Inajadilika, ila si kwa kulalamika kwamba ni kubwa. Elekezeni hoja kwenye dhana. Kama mgonjwa aliyepandisha madai ameacha kazi, semeni na mlete uthibitisho. Kama kampuni imeweka ukuaji wa asilimia 14 wakati madai yenu kwa kichwa yamekua kwa 6 miaka mitatu mfululizo, ulizeni tofauti inatoka wapi. Kama kikundi chenu kimefikia watu 600, ombeni historia yenu ipewe uzito zaidi kuliko ilivyokuwa mlipokuwa 200, mradi historia hiyo ni nzuri kuliko jedwali. Kama ni mbaya, nyamazeni kuhusu uzito na mzungumzie mafao. Na fanyeni haya miezi miwili au mitatu kabla ya bima kuisha, maana kikundi kinachobisha zikiwa zimebaki siku tano hakina pa kwenda, na mkadiriaji anajua.